Pima Sauti Kabla Hujakanyaga

Wanangu mnaopiga gitaa peke yenu na pedali ya lupu miguuni, nisikilizeni. Pedali ile haina huruma. Ukirekodi baa nne safi, itakurudishia zikiwa safi mpaka uizime. Ukirekodi sauti iliyopasuka, utaisikia ikipasuka kila mzunguko, na lolote utakaloongeza litakaa juu ya uchafu huo.

Wapo watakaowaambia taa nyekundu ya onyo si neno, mbona wakongwe walirekodi kwa nguvu na kazi zao zikatoka tamu. Wakongwe walitumia kanda. Robert Fripp na Brian Eno, katika albamu waliyoitoa mwaka 1973, walizungusha gitaa kwa mashine mbili za kanda, na kanda ikizidiwa hupasua sauti taratibu, kwa upole. Pedali za leo ni za kidijitali. Sauti ikivuka kikomo chake, vilele hukatwa papo hapo, na ukipunguza volumu baadaye unapata mkwaruzo uleule, ila mdogo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kurekodi, piga kwa nguvu utakazotumia sebene likikolea, wala usipapase nyuzi. Washa na pedali nyingine utakazozitumia, maana ile ya kukoleza sauti ikiwashwa baadaye inavuruga kipimo chote. Pandisha sauti inayoingia mpaka taa ya onyo iwake, kisha irudishe mpaka isiwake hata ukipiga kwa nguvu zako zote. Pedali ndogo nyingi hazina pa kurekebishia sauti inayoingia. Kitufe unachozungusha pale ni cha lupu inayotoka. Hapo punguza kwenye gitaa lenyewe au kwenye pedali iliyotangulia. Lakini usishushe mno, kwani mvumo wa umeme nao unarekodiwa, na kila tabaka linakuja na wake.

Tabaka la kwanza lisijaze nafasi yote. Sauti mbili tofauti zenye nguvu sawa zikipandana huongeza takriban desibeli 3. Ukirudia ileile bila tofauti yoyote, 6. Jifunzeni kwa bendi za rumba: rithimu, mi-solo, solo na besi, kila mmoja ana pake na hamfuniki mwenzake. Wewe sasa ni hao wote, kwa hiyo anza na rithimu nyepesi.

Mguu nao uwe na adabu. Hesabu baa nzima kabla ya kuanza, kanyaga kwenye moja, na ufunge kwenye moja ya baa inayofuata. Usingoje sauti ya mwisho ififie. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, ukichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, lupu itarefuka kwa kiasi hicho kila mzunguko. Kama unapiga na mpiga ngoma, ikizunguka mara 10 amekuacha nyuma kwa sekunde nzima, yaani mapigo mawili, na wasikilizaji watadhani yeye ndiye asiyejua.

Ukikosea, futa urekodi upya, usijaribu kuficha kwa tabaka jingine. Fundi mitambo anaweza kuipandisha sauti ndogo. Iliyopasuka hana la kuifanya. Nawasihi, msione uvivu wa kupima.