Mpangaji Naye Ni Mkopeshaji

Mjini Dar es Salaam ni desturi mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita, hata ya mwaka mzima, kabla ya kumkabidhi mpangaji ufunguo. Kupangisha si dhambi, wasomaji wapenzi. Aliyejenga kwa mkopo wa benki yampasa kulipa kila mwezi, chumba kiwe na mtu au kiwe kitupu. Lakini kodi hiyo ni fedha ya namna gani? Mpangaji hajalala hata usiku mmoja, naye amekwisha kutoa. Huo ni mkopo, tena usio na riba. Na pengine yeye mwenyewe kaukopa kwingine kwa riba. Watu husema, “Alikubali mwenyewe.” Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba ridhaa itokayo katika shida haihalalishi ujira dhalimu. Je, kodi ni kitu kingine? Benki ikidai, mwenye nyumba hapati usingizi. Mpangaji akisema bati linavuja, huambiwa, “Kama hupendi, hama.” Ahame kwa fedha gani, nayo kodi yake imekwisha kuwa saruji ya chumba cha pili?