Uhai na Uzima

Uhai si uzima. Mwanamke wa Sombetini auzaye ndizi, ambaye moyo wake hupiga pasipo wizani, yu hai. Lakini akitwishwa mkungu na pumzi ikamkatika hawezi kuitwa mzima.

Mwaka 1987, huko Marekani, James Cox alizikata kuta za vyumba vya juu vya moyo akazishona, ili makovu yauzibie njia umeme uliopotea. Siku hizi mrija mwembamba, upitishwao katika mshipa wa paja, huyafanya makovu kama hayo bila kupasua kifua. Utafiti wa CABANA wa mwaka 2019, uliochungua wagonjwa 2,204, haukuthibitisha kuwa mrija huo hupunguza vifo kuliko dawa. Ulionyesha kuwa waliotibiwa kwao waliishi kwa nafuu zaidi. Kwa mwenye kuhesabu makaburi, faida hiyo ni ndogo. Lakini kupima tiba kwa uhai peke yake ni kumwambia mwanamke yule kwamba, maadamu apumua, hana dai.

Dai analo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka kwake. Ikiwa nauli na malazi yatatoka katika ada ya mtoto, uzima wa nani utangulie? Hapo mchoro wa moyo haumsaidii daktari kujibu.