Je, Wema Hulazimishwa?



Hapa kwetu Buha, toka Kasulu hata Kibondo, jina la Mwalimu likitajwa peke yake hakuna aulizaye ni mwalimu gani. Sifa zake zimeandikwa mara nyingi, wala hatuna haja ya kuzirudia zote. Tunataka kuuliza swali moja tu ambalo maisha yake yanatuachia, na ambalo kila mzazi, kila mzee wa kanisa na kila mwenyekiti wa kijiji hulikuta mbele yake: Je, yafaa kumlazimisha mtu mzima atende lililo jema?

Hatusemi kumzuia mtu asiibe au asipige. Hilo sheria hulifanya, nasi twalishukuru. Tunasema juu ya wema wenyewe.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa mtemi Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge huko Musoma, kisha Tabora, kisha Makerere alikojifunza ualimu. Alifundisha shule ya St. Mary's, Tabora, akaenda kusoma Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na kufundisha Pugu. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 yeye aliwekwa kuwa rais wake, na mwaka uliofuata ikambidi achague: ama siasa, ama chaki. Aliiacha chaki, lakini jina la ualimu halikumwacha hata kaburini.

Tena alikuwa mtu wa mashairi. Akiwa Rais wa nchi alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Ile ya kwanza yasimulia mtawala aliyeuawa na rafiki zake kwa kuogopwa kwamba atajifanya mfalme. Si kila mtawala angependa kukaa na maneno hayo. Na katika uzee wake alizitia Injili na Matendo ya Mitume katika utenzi, vitabu vilivyotoka mwaka 1996. Yeye alikuwa Mkatoliki na sisi ni Waanglikana, lakini kazi hiyo ni ya Wakristo wote.

Mkoa wetu nao si mgeni wa watu wa namna hii. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, akawa Meya wa Dar es Salaam, akafa mwaka 1964 akiwa waziri.

Sasa tupime. Mwalimu, mshairi na mtawala, wote watatu wana mamlaka juu ya watu, lakini si mamlaka ya namna moja. Mwalimu wa shule ana fimbo, ingawa aliye mwema huitumia kwa nadra. Mshairi hana fimbo kabisa. Sheria za shairi ni kali, vina vipatane na mizani itimie, lakini sheria hizo humbana mtunzi mwenyewe, wala hazimbani msikilizaji. Msikilizaji asipopendezwa huondoka, na mtunzi hana askari wa kumrudisha. Mtawala yeye ana askari, ana magari na ana mahakama. Je, mtu mmoja akiwa na mamlaka yote matatu, ni ipi itakayoongoza mkono wake siku ya shida?

Katika andiko lake Ujamaa Vijijini la mwaka 1967, na tena katika Uhuru na Maendeleo la mwaka 1968, Nyerere alifundisha kwamba kijiji cha ujamaa hakijengwi kwa nguvu. Watu hawaendelezwi na mtu mwingine, bali hujiendeleza wenyewe. Hapo alisema mwalimu, na mshairi alikuwa karibu naye. Lakini watu hawakuhama upesi kama ilivyotazamiwa. Huku kwetu Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, na mwezi wa Novemba 1973 ikatangazwa kwa nchi nzima kwamba kukaa vijijini si ombi tena, ni amri. Hapo alisema mtawala.

Ninyi wazee mwajua amri hiyo ilikuwa na maana gani katika Kasulu na Kibondo, wakati Buhigwe ilipokuwa bado sehemu ya Kasulu, na Kakonko sehemu ya Kibondo. Mha alikaa kilimani, mji wake katikati ya migomba, jirani yake umbali wa kuitana. Migomba hiyo aliipanda baba yake, ikatiwa samadi ya ng'ombe mwaka hata mwaka, na baba mwenyewe alizikwa karibu nayo. Mahindi hupandwa tena mvua ijayo. Mgomba uliostawi ni kazi ya maisha ya mtu. Kumwambia mtu auache ashuke barabarani ni kumtaka aanze upya.

Tena wazee walikuwa na kumbukumbu nyingine. Miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ilikwisha kuwakusanya watu wengi wa Buha mahali pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale uletwao na mbung'o. Tena wakaja waandikishaji wa manamba, wakitafuta vijana wa kwenda kukata mkonge. Kwa hiyo watu hawa walikwisha kuzoea kuhamishwa na mgeni kwa faida iliyosemwa kuwa ni yao. Kilichowashangaza safari hii ni kwamba aliyewahamisha hakuwa mgeni. Alikuwa Mwalimu wao.

Lakini haki lazima isemwe yote. Katika vijiji vile zilijengwa shule na zahanati, na elimu ya msingi ikafanywa kuwa ya watoto wote. Wako kati yetu waliojifunza kusoma katika shule hizo, na bila hizo wasingeweza kuusoma ukurasa huu. Wako akina mama walioandika jina lao kwa mara ya kwanza katika kisomo cha watu wazima. Anayesema kwamba hakuna jema lililotoka amewasahau hao.

Hata hivyo, tazameni ni nini kilichobaki. Shule zimebaki, kwa kuwa kila mzazi alikuja kuzitaka. Amri isingekuwapo, leo angezidai mwenyewe. Lakini shamba la pamoja liko wapi? Watu walifika siku zao za zamu, wakalima kwa mikono bila moyo, na mkono wa serikali ulipolegea shamba likarudi kuwa pori. Wako hata waliorudi kwenye vilima vyao kutafuta kama mgomba mmoja umesalia. Wahenga walisema, hiari yashinda utumwa.

Mtu atauliza: Je, mtoto halazimishwi kwenda shule? Je, watu hawalazimishwi kuchimba vyoo wakati wa kipindupindu? Naam, hulazimishwa, na ni vema. Mtoto hubanwa kwa muda ili siku moja ajue kuchagua. Mwenye nyumba hubanwa kwa sababu uchafu wake humwua jirani. Lakini ujamaa, kwa maana yake hasa, ni udugu. Waweza kumwamuru mtu achimbe choo, naye akachimba, kikawa choo kweli. Ukimwamuru awe ndugu, utapata mtu anayekuogopa, nawe utamhesabu kuwa ndugu.

Hapo ndipo hatari ya pili ilipo, nayo humpata mwenye kuamuru. Mwalimu darasani huona kosa katika daftari la mwanafunzi, akajua kwamba hakueleweka, akarudia somo. Mtawala aamuruye kwa nguvu huletewa daftari lenye majibu sahihi tupu. Kila kijiji kimefaulu, kila shamba limelimwa, kila mtu amefurahi. Aliye chini yake amekwisha kujifunza kumwambia apendalo kusikia. Hivyo mtu aliyefundisha taifa zima alinyimwa kitu ambacho mwalimu wa darasa la kwanza hukipata kila siku, yaani jibu la kweli.

Mwaka ule ule wa 1972 lilitokea jambo jingine. Ndugu wa Burundi walivuka mpaka wakikimbia mauaji, wakavuka tena kwa wingi mwaka 1993. Wengi wao walipata sahani ya kwanza na mkeka wa kwanza katika nyumba za wenyeji, kabla ya kambi na mahema. Hakuna aliyepiga mbiu. Katika nchi hii hii iliyoonekana kuwa na watu wagumu wa kuungana, mlango ulifunguliwa kwa hiari. Udugu ulikuwapo tangu mwanzo.

Mtume Paulo alipomwandikia Filemoni juu ya Onesimo, alimkumbusha kwamba anayo mamlaka ya kumwamuru, akaiacha, akamsihi kwa ajili ya upendo. Alitaka wema wa Filemoni utoke kwa Filemoni. Na yule kijana tajiri alipoondoka kwa huzuni, Bwana Yesu hakumtuma mtu amrudishe. Alimpenda, akamwacha aende. Tukilifikiri hilo twaona jinsi lilivyo zito: Mwenye mamlaka yote alikubali kukataliwa kuliko kulazimisha.

Je, tumhukumu Mwalimu basi? Sisi si mahakimu wake. Tena kuna jambo ambalo watawala wengi hawakulifanya. Mwaka 1977, akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, alisema waziwazi kwamba nchi bado haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Baadaye alikubali kwamba kuzifuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Mwaka 1985 aliondoka Ikulu kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima. Wako Waha ambao wangependa kusikia neno zaidi juu ya migomba yao, nasi hatuwalaumu. Lakini sisi tuliolelewa katika uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukafika mpaka huku, twajua thamani ya mtu asimamaye mbele ya wenzake na kusema, Nilikosa. Nyumbani kwetu watu husema hivyo juu ya kuku aliyeibwa. Kusema hivyo juu ya nchi nzima ni kazi kubwa zaidi. Pale mwalimu alikuwa amerudi, ameshika daftari lake mwenyewe na kalamu nyekundu.

Nasi je? Ni rahisi kusema juu ya aliyekufa mwaka 1999 na kujisahau wenyewe. Sisi tunaoandika haya tumewahi kusimama mbele ya kanisa na kuyasoma majina ya wasiotoa mchango wa bati. Bati zilipatikana, na jengo likaezekwa. Lakini mwaka uliofuata viti vya nyuma vilikuwa vitupu, na mama mmoja mjane alituambia kwamba hakukosa imani, alikosa fedha, akaona haya. Tulipata paa tukampoteza mtu aliyestahili kukaa chini yake. Hatukutumwa na mtu kufanya hivyo. Tulikuwa na haraka ya kutenda jema.

Haraka hiyo ndiyo tunayoiogopa, kwa mwenye nchi na kwa mwenye nyumba. Mzazi amchaguliaye kijana wake wokovu kwa kiboko, mume aamuruye sala nyumbani huku wote wakinyamaza kwa hofu, mzee wa kanisa ahesabuye waliobatizwa asiwaulize wameelewa nini, wote hawa wana nia njema. Wajiulize kama mwalimu mwema: siku nitakapoondoa mkono wangu, ni kipi kitakachobaki kimesimama?

Yule mjane tulikwenda kumwona, tukaomba radhi. Alitukaribisha, akatupa ndizi. Kanisani alirudi baada ya miezi mingi, siku aliyoichagua mwenyewe, na hatukumwuliza kwa nini alichelewa.

Bwana atupe saburi ya kusihi mahali tunapoweza kuamuru. Amina.