Insafu Katika Kutafuta Sababu

Katika maswali yaliyowashughulisha wenye hekima tangu zama za kale, mojawapo lililo zito ni hili: mwanadamu, ambaye macho yake huona tu jambo moja likifuatwa na jingine, ana haki gani ya kushuhudia kwamba lile la kwanza ndilo lililoleta la pili? Imamu al-Ghazali, katika kitabu chake cha Tahafut al-Falasifa alichokiandika mwishoni mwa karne ya 11, alitoa mfano wa pamba na moto, akaeleza kuwa mtazamaji huiona pamba ikiungua inapokutana na moto, lakini haoni kwamba imeungua kwa moto, kwani kukutana ni jambo moja na kusababisha ni jingine, na Mtendaji wa kweli ni Mwenyezi Mungu. Ibn Rushd, aliyemjibu katika karne iliyofuata, alishikilia kwamba anayekanusha sababu ameikanusha akili yenyewe, kwa kuwa elimu ya kitu ni kuzijua sababu zake.

Nionavyo mimi, onyo la yule wa kwanza na hamu ya huyu wa pili hukutana katika kazi ya mtafiti wa sayansi, ambaye hukubali kwamba kukutana pekee si ushahidi, na juu ya hivyo hakati tamaa ya kuujua ukweli, bali hushika njia ndefu ya kuyapambanua mambo yenye kubadilika, ambayo wataalamu huyaita vigeu, akigeuza kimoja na kuviacha vingine vilivyo, ili aone kama matokeo yatageuka pamoja nacho.

Njia hiyo aliifuata Ignaz Semmelweis, tabibu mzaliwa wa Hungaria, katika hospitali kuu ya Vienna, iliyokuwa na wodi mbili za wazazi, ya kwanza wakifunzwa humo wanafunzi wa utabibu na ya pili wakifunzwa wakunga. Mwaka 1846 walifariki katika wodi ya kwanza wazazi kiasi cha 11 katika kila 100, wengi wao kwa homa ya uzazi, hali katika ya pili hawakufika 3. Watu walitaja hewa chafu ya mji, lakini hewa ilikuwa moja kwa wodi zote mbili. Wakataja msongamano, lakini wodi ya pili ndiyo iliyojaa zaidi. Wakataja hofu iliyowapata wagonjwa kila padri alipopita na kengele kwenda kwa aliye katika sakarati ya mauti, basi Semmelweis akamsihi padri apite njia nyingine bila ya kengele, na vifo havikupungua. Akaamuru hata wanawake wajifungue wakiwa wamelala ubavu, kama ilivyokuwa desturi ya wodi ya pili, na vifo vikabaki vile vile.

Ndipo mwaka 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka alipochomwa kwa kisu cha mwanafunzi katika kupasua maiti, akafa kwa maradhi yaliyofanana na yale ya wazazi, na Semmelweis akatambua kwamba madaktari na wanafunzi walitoka kwenye maiti wakaenda kuwapima wazazi, jambo wasilolifanya wakunga. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini, na vifo, vilivyokuwa 18 katika kila 100 mwezi wa Aprili, vikashuka hadi kiasi cha 2 mwezi wa Juni.

Linalonigusa katika kisa hiki, kupita hata werevu wake, ni insafu. Hewa, msongamano na kengele, kila kimoja kilituhumiwa, na kila kimoja kikapewa haki yake, kama kadhi mwadilifu asivyomhukumu mtu kwa kuwa tu alionekana mahali pa tukio. Na hukumu yenyewe haikufungwa isirekebishwe, kwani Oktoba ya mwaka ule ule wazazi waliopimwa baada ya mgonjwa mmoja mwenye saratani ya kizazi walipatwa na homa na wengi wakafa, ikadhihirika kuwa madhara hayakutoka kwa maiti peke yao, bali hata kwa kidonda cha aliye hai.

Dini zetu zakataza ushahidi wa uongo, nasi hudhani kwamba katazo hilo ni la mahakamani tu. Lakini asemaye kuwa jambo fulani ndilo lililomwua mtoto naye ameshuhudia, na mara nyingi yuko mtu atakayeulipia ushahidi huo. Katika Usukuma wameuawa akina bibi wazee kwa tuhuma za uchawi, macho yao mekundu yakihesabiwa kuwa dalili, ilhali moshi wa jiko walilopikia umri wao wote watosha kuyafanya mekundu, na mtoto aliyekufa huenda alichukuliwa na malaria ambayo hapana aliyeitafuta. Kwa hiyo anayejizuia kuitaja sababu mpaka awe amezichunguza nyingine hakuipunguza imani yake wala hakuonyesha udhaifu wa akili, bali amemwogopa Mungu katika ulimi wake; na kuuliza ni nini kingine kilichokuwapo, kabla ya kumtaja mwenye kosa, ni wajibu wa kila mwenye akili timamu, awe maabarani au awe msibani.