Nia ya Kitaa

Somo la kwanza la maikrokontrola, kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, ni lilelile karibu kila mahali: washa kitaa, subiri sekunde moja, zima, subiri tena. Kwenye bodi ya Arduino Uno kitaa hicho kimeunganishwa na pini namba 13, na programu yake ni mistari michache tu. Kikimweka mara ya kwanza, mwanafunzi hutabasamu: "Kimetii!"

Kimetii nini hasa?

Siku ya pili anataka kitaa kingoje dakika nzima. Bodi hupima kungoja kwa milisekunde, basi anaandika 60 mara 1000, hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Kitaa kinazimika, hakiwaki tena. Anabadilisha waya, anailaumu bodi, anamlaumu aliyemuuzia. Kumbe kwenye Uno namba hizo huzidishwa ndani ya biti 16, na kikomo chake ni 32,767. Elfu sitini haienei humo. Inapinduka na kuwa hasi 5,536. Amri ya kungoja nayo haijui hasi, hivyo inaisoma kuwa milisekunde 4,294,961,760. Karibu siku 50! Mwenye subira atakiona kikiwaka mwezi wa pili, sawasawa na kilivyoandikiwa.

Mtumishi akiambiwa angoje, huelewa bwana wake anataka nini hata ulimi ukiteleza. Chipu ilipokea maneno. Kusudio halikuvuka waya.

Mafakihi wa Kiislamu walilijadili zamani jambo hili la kitendo bila kusudio, kwa maji badala ya umeme. Mtu ametumbukia mtoni, viungo vyote vya udhu vimelowa: ana udhu? Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hana, kwa kuwa nia ni nguzo. Kwa Hanafi anao. Maji hutoharisha yenyewe. Al-Jazari, aliyemaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, alimbunia mfalme wa Diyarbakir mtambo wa kummiminia maji ya udhu. Ulimimina vizuri, lakini ni fakihi gani angeuandikia thawabu?

Mwaka 1843 Ada Lovelace aliandika kwamba mashine ya kukokotoa ya Babbage haianzishi lolote, hutenda tu tunachojua kuiamuru. Alan Turing akamjibu mwaka 1950 kwamba mashine humshangaza mara kwa mara. Kitaa cha siku 50 kinashangaza kweli, ila kila tarakimu iliyokipoteza ilitoka kidoleni mwa mwanafunzi. Anaongeza herufi mbili, UL, nyuma ya 1000 ili hesabu ipate nafasi ya kutosha, anapakia upya, kisha anatazama saa ya ukutani.