Sindano ya Kupunguza Unene: Je, Ni Siri Yako Peke Yako?



Siku hizi wapo wake, na waume pia, wanaotafuta sindano ya kupunguza unene bila mwenzi kujua. Pesa huchotwa kidogo kidogo katika zile za matumizi ya nyumbani, na dawa hununuliwa kwa mtu ambaye rafiki amemwelekeza. Ukiuliza kwa nini kuficha, utajibiwa: "Mwili ni wangu." Je, jibu hilo lamtosha mtu aliyeoa au kuolewa?

Kwanza tuifahamu dawa yenyewe. Inaitwa semaglutidi. Marekani iliiidhinisha mwaka wa 2017 kwa wagonjwa wa kisukari kwa jina la Ozempic, na mwaka wa 2021 kwa wenye unene unaodhuru afya kwa jina la Wegovy. Kwa watu hao ni tiba ya kweli, na kuitumia si uvivu wala aibu. Haikukusudiwa yule anayetaka tu gauni limkae vizuri. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Huweza kuleta kichefuchefu na kutapika, na wengi wanaoiacha hunenepa tena. Tena mwaka wa 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa onyo juu ya Ozempic bandia. Anayenunua kwa siri atajuaje anajidunga nini?

Ni kweli, mwili ni wako, na hakuna awezaye kukulazimisha dawa. Lakini lipo swali la daktari ambalo mke hawezi kulijibu peke yake: Je, mnatazamia kupata mtoto? Dawa hii haifai kwa mja mzito, na yapasa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba. Mume asiyejua atakuwa akingojea mtoto, huku mkewe akijidunga kila juma. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Hapo siri imekwisha kuvuka mwili wa mmoja na kugusa jamaa nzima.

Nawe mume, usishangilie upesi. Kujua si kumiliki. Ikiwa wamdhihaki mkeo mbele ya wageni, au wamlinganisha kila siku na alivyokuwa siku ya arusi, basi siri hiyo uliipanda wewe. Huna ruhusa ya kumwamuru adungwe, wala ya kumzuia asitibiwe. Haki yako ni kuambiwa ukweli, na wajibu wako ni kuupokea bila kumcheka.

Basi, watoto wakishalala, ketini wawili mkaulizane: Ni ugonjwa unaotusumbua, au ni maneno ya watu? Gharama hii tutaiweza kwa muda gani? Kisha nendeni kwa daktari pamoja. Akisema dawa hii haikufai, usiende kuitafuta uchochoroni. Akisema yafaa, mwenzako na ajue siku ya sindano, ili ukitapika usiku awepo wa kukuletea maji.