Mtu Mwema Naye Aulizwe Mali Yake?

Ndugu wakatekumeni, kuna neno moja linalowachukiza watu wema kuliko watu wabaya. Ni kuulizwa: «Una mali gani, nawe umeipata wapi?» Mwizi akiulizwa hivyo, jibu lake li tayari, maana amelitunga tangu usiku. Lakini mtu mnyofu hushtuka, hukunja uso, husema: «Je, nimeiba kitu cha nani?» Nasi tunaomsikiliza twamhurumia, twaona kweli ametukanwa.

Swali letu la leo ni hilo. Serikali ikimwambia mtu asiye na shtaka lolote, «Andika mali yako yote, utuletee karatasi», je, inamvunjia heshima? Wala si swali la wakubwa peke yao. Mtunza sanduku la chama cha wakulima, kapita anayepima kahawa, mjumbe wa kamati ya shule, kila mmoja wao aweza kuulizwa siku yoyote.

Tuanze kwetu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 99, yawaamuru Rais na mawaziri waandike mali yao na ya jamaa zao, na kuipeleka orodha hiyo mbele ya Mahakama ya Katiba, mara ya kwanza wanapoingia kazini, mara ya pili wanapotoka. Waandike vitu vinavyohamishika, fedha zilizo benki, hisa, yaani sehemu za mali katika kampuni, tena nyumba, viwanja visivyojengwa, misitu, mashamba, hata machimbo. Asiyeleta karatasi yake katika muda wa siku 30 anahesabiwa kuwa amejiuzulu. Sheria haikusema: waandike wale wanaoshukiwa. Imewataja wote.

Lakini kukisoma kifungu cha sheria hakutuonyeshi kazi yenyewe. Nani huipokea karatasi? Huisoma kwa namna gani? Akiona jambo ndani yake, hufanya nini? Ili tuyaone hayo, twende mbali kidogo, mpaka Marekani, kwa sababu huko kuna ofisi ambayo kwa zaidi ya miaka 40 kazi yake ni hiyo.

Mwaka 1972, katika mji wa Washington, watu walikamatwa usiku ndani ya ofisi za chama kilichompinga Rais, katika jumba liitwalo Watergate. Uchunguzi ukapanda ngazi kwa ngazi mpaka kwa Rais Richard Nixon mwenyewe, naye akajiuzulu mwezi wa Agosti 1974. Raia wengi wa nchi ile wakaacha kuwaamini wakubwa wao. Basi mwaka 1978 Bunge lao lilitunga sheria ya maadili serikalini, na katika sheria hiyo ikazaliwa Ofisi ya Maadili ya Serikali. Mwanzoni ilikaa ndani ya ofisi nyingine kubwa inayosimamia watumishi. Tangu mwaka 1989 inasimama peke yake.

Msifikiri ni ngome yenye askari. Watumishi wake hawafiki mia moja, na serikali wanayoitazama ina watumishi wapatao milioni mbili. Wanawezaje? Kila wizara ina afisa wake wa maadili, anayekaa karibu na watu. Ile ofisi ndogo huwafundisha maafisa hao, huwaandikia kanuni, huwajibu maswali, na kwa zamu huenda kuwakagua kama kazi imefanyika.

Sasa tuwatazame wakiwa kazini. Rais amemchagua mtu awe waziri. Kabla Seneti haijamkubali, karatasi zake husomwa katika ofisi hiyo. Ndani yake mna mapato yake, hisa zake, madeni yake, vyeo alivyo navyo katika kampuni na vyama, tena mali ya mke wake na ya watoto wanaomtegemea. Kwa vitu vyake haombwi kutaja hesabu mpaka senti ya mwisho. Huonyesha fungu tu: kitu hiki thamani yake ni kati ya dola 1,001 na 15,000, kile ni kati ya 15,001 na 50,000, na kuendelea hivyo. Kwa nini wameridhika na mafungu? Ni kwa sababu msomaji wa karatasi hatafuti kujua mtu huyu ni tajiri kiasi gani. Utajiri si kosa. Anatafuta jambo moja: je, kazi anayopewa itakigusa kitu alicho nacho?

Chukueni mfano wa mtu anayekwenda kuongoza wizara inayonunua dawa, naye ana hisa katika kampuni ya dawa. Hakuiba. Hisa zile alizinunua kwa jasho lake, labda tangu ujana. Lakini kesho mkataba utawekwa mezani pake, na mkono utakaotia sahihi ni ule ule unaopokea faida. Sheria ya jinai ya nchi ile inamkataza mtumishi kulishughulikia jambo ambalo yeye, au mke wake, au mtoto wake mdogo, atapata kwalo faida au hasara ya mali. Basi humwandikia: kitu hiki utakiuza, cheo hiki utakiacha, jambo hili likija utaondoka mezani, wengine waamue bila wewe. Naye hutia sahihi ahadi hiyo. Kwa kawaida hupewa siku 90 za kuuza, tangu Seneti imkubali.

Kuna jambo dogo hapa linalonipendeza. Mtu akiuza hisa zilizopanda bei hutozwa kodi juu ya faida. Huyu je, anayeuza kwa sababu serikali imemwambia auze? Waliotunga sheria walimfikiria. Ofisi yaweza kumpa cheti kinachoahirisha kodi hiyo, mradi fedha aziweke mahali pasipoingiliana na kazi yake, kama vile katika hati za deni la serikali. Mwizi hapewi cheti cha namna hiyo.

Kazi nyingine ni za mwaka hata mwaka, nazo ni za kuchosha. Wakubwa walio kazini huleta karatasi mpya kila mwaka kufikia tarehe 15 Mei. Anayechelewa zaidi ya siku 30 hutozwa dola 200. Mtumishi mpya hufundishwa kanuni katika miezi mitatu ya kwanza. Jirani zetu wa Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wana desturi inayofanana na hiyo: kwa sheria ya mwaka 1995, viongozi wao hupeleka tamko la mali kila mwisho wa mwaka katika Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma.

Juu ya zawadi inatupasa kukaa kidogo, maana hapo ndipo wengi wetu tunajikwaa. Kwetu mgeni akifika huchinjiwa kuku, na asiyempa mgeni kitu huitwa mchoyo. Je, Mmarekani mwenye kanuni zake ni mchoyo? Kanuni yao ni hii: mtumishi asipokee zawadi kutoka kwa mtu anayetaka kitu katika wizara yake, wala zawadi anayopewa kwa sababu ya kiti chake. Wamesamehe kitu kidogo kisichozidi dola 20 kwa mara moja, wala dola 50 kwa mwaka kutoka kwa mtu yule yule. Lakini fedha taslimu hapana, hata kidogo. Zawadi ya ndugu au ya rafiki wa kweli hawakuikataza, ikionekana wazi kwamba imetoka katika undugu au urafiki huo.

Tazameni jinsi kanuni hii inavyotenga kuku na kuku. Yule aliyechinjwa ulipokuwa huna cheo, na angechinjwa hata kama ungevuliwa cheo jana, huyo ni wako, umle kwa amani. Lakini kuna kuku aliyeanza kuja mlangoni pako mwezi ule ulipopewa muhuri. Huyo hakuja kwako, amekuja kwa muhuri. Sisi twamwita matabishi, nasi twacheka. Lakini mjane asiye na kuku, ambaye karatasi yake imelala mezani miezi sita, hacheki.

Turudi kwa yule mtu mnyofu aliyekunja uso. Anasema: «Mniamini, au mniondoe.» Maneno hayo yana fahari, lakini mimi naona hayana haki. Mnunuzi wa kahawa ajapo na mizani yake, nasi tukaomba ijaribiwe kwanza kwa jiwe la kilo linalojulikana, hatukumwita mwizi. Mizani hupotoka yenyewe, kwa kutu na kwa safari, bila mtu kuipotosha. Mtume Paulo naye, alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuuchukua peke yake; asomaye sura ya 8 ya barua ya pili kwa Wakorinto ataona kwamba alituma pamoja na Tito ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kulaumu. Wala sura hiyo haisemi kwamba kuna aliyekuwa amemshtaki wizi.

Wengine hudhani karatasi hizi zimewekwa ili kuwanasa wezi. Ndiyo, kuandika uongo ndani yake ni kosa la jinai, lakini mwizi hodari ataandika uongo wake kwa mwandiko mzuri, na uongo huo lazima kwanza ugunduliwe. Karatasi inamfaa zaidi mtu mnyofu. Fikirini mjumbe mwema wa kamati ya shule anayetumwa kununua madawati. Ndugu yake ni seremala. Anazunguka kwa maseremala wote, anapapasa mbao, anarudi na kusema: «Ya ndugu yangu ni bora.» Hasemi uongo! Machoni pake ni bora kweli. Upendo umekwisha kuyapiga msasa kabla yeye hajayagusa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuponywa kwa kuambiwa «usiibe», kwa maana haibi. Anaponywa na mwenzake anayemwuliza kabla ya safari: «Seremala gani ni ndugu yako? Basi kwa ununuzi huu atumwe mwingine.» Kazi yote ya ile ofisi ya Washington, pamoja na mafungu yake ya dola na siku zake 90, ni kuuliza swali hilo mapema, kabla mtu mwema hajawa na jambo la kuficha.

Nisiwafiche upande wa pili. Ofisi hiyo haikamati mtu wala haifungi. Ikiona dalili za kosa huwapelekea wakaguzi na waendesha mashtaka. Ile sheria ya jinai niliyoitaja haimgusi Rais wala Makamu wake, ijapokuwa nao huleta karatasi. Mwezi wa Januari 2017 Donald Trump, akiwa karibu kushika urais, alitangaza kwamba biashara zake zitaongozwa na wanawe, bila yeye kuziuza. Walter Shaub, mkuu wa ofisi ya maadili, alisema hadharani kwamba hiyo haitoshi. Hakusikilizwa, na mwezi wa Julai mwaka ule akaacha kazi kabla kipindi chake hakijaisha. Mwezi wa Februari 2025 Rais yule yule, katika urais wake wa pili, alimwondoa mkuu mwingine, David Huitema, ambaye hakuwa amemaliza hata miezi mitatu ya kipindi chake cha miaka mitano. Mlinzi ambaye mwenye nyumba aweza kumfukuza asubuhi moja atalindaje mlango wa mwenye nyumba? Naona udhaifu huo ni mkubwa, wala sioni sababu ya kuupamba.

Hata hivyo limebaki jambo moja walilofanya vizuri kuliko sisi. Karatasi za wakubwa wao zaweza kusomwa na raia yeyote anayeziomba. Mwandishi wa gazeti huzisoma, mpinzani huzisoma, hata mwalimu wa kijijini akitaka huzisoma. Kwetu, Katiba imeagiza Mahakama iipeleke orodha kwa watoza kodi. Haikuagiza isomwe mbele ya watu. Orodha iliyofungiwa sandukuni yaweza kumsaidia hakimu siku ya kesi. Lakini swali lile la mapema, «seremala gani ni ndugu yako?», litaulizwa na nani, ikiwa mwenye kuuliza haruhusiwi kuona?

Tena kuna ugumu ambao ni wetu kuliko wa Wamarekani. Katiba yetu ilipotaja mali ya jamaa ilihesabu mume au mke, watoto wadogo, na watoto wakubwa ambao bado wanalishwa na wazazi. Haikumhesabu mjomba, wala shemeji, wala mtoto wa shangazi. Sisi twajua ng'ombe wa mtu hulala kwa nani. Kifungu cha 98 kimejaribu kuziba mwanya, kwa kuwakataza Rais na mawaziri kununua mali ya serikali, wao wenyewe au kwa mkono wa mtu mwingine. Lakini shamba lililonunuliwa kwa mtu wa kawaida, likaandikwa kwa jina la mjomba, halimo katika kifungu hicho, wala halitaonekana katika orodha ya mkubwa. Wala siwezi kuilaumu sana sheria. Ukoo mzima ukiandikwa, karatasi itakuwa ndefu kama barabara ya kijiji, na mjomba mzee ambaye hakuomba cheo chochote atavuliwa nguo mbele ya watu. Kwa hiyo mstari wa mjomba haumo, na msomaji wa karatasi, awe Kinshasa au Washington, hapo hana cha kusoma. Wanaojua ni mwenye cheo, na mjomba wake, na majirani waliokuwapo siku bati zilipokuwa zikishushwa kutoka katika lori.